Sevo Iliyokumbuka Njia

Saa nne kasoro asubuhi nguchiro mpya alivutwa nje ya bomba kwa mara ya tatu, mkia wake wa waya ukiwa umejisokota magurudumuni, na pale mbele ya karakana watu wakasogea kumpisha. Alikuwa gari dogo tu, lililopewa jina la mnyama kwa kupenya kwake mabombani, urefu wake toka kiwiko cha mtu mpaka ncha za vidole, ameloa tope jeusi kuanzia kioo cha kamera hadi kwenye betri. Atuganile Mwasanguti alimpokea kwa mikono miwili, akampindua, akashika magurudumu ya mbele na kuyageuza kushoto na kulia. Yaligeuka bila kusita. Sevo zake, zile mota za kuyageuza, zilikuwa bado na karatasi ya kiwandani. Gari halikuwa na ubaya wowote, ila halikujua linakokwenda.

"Ameingia tawi la kushoto tena," alisema dereva aliyeshika rimoti. Jasho lilimtiririka shingoni. "Sioni kitu, fundi. Kamera inaona tope tupu. Naendesha kama niliyefungwa kitambaa machoni."

Mita mia nne ndani ya mlima wa Ilindi, nyuma ya mawe yaliyoporomoka alfajiri, walikuwamo watu watano. Njia pekee iliyobaki kati yao na dunia ilikuwa bomba la chuma la kutolea maji, Mtaro Namba Tatu, ambalo tundu lake lilimtosha nguchiro na si kitu kikubwa zaidi. Hewa kidogo ilipenya humo ikawafikia. Kuisukuma kwa pampu hakukusaidia, maana bomba lilikuwa na matawi na nyufa, na hewa yote ilitorokea huko kabla ya kufika. Ilitakiwa mtu, au kitu, apitishe mpira mwembamba wa hewa ndani ya bomba hilo mpaka upande wa pili. Na waya wa redio uliokuwa ukiwaongoza nguchiro wapya humo ndani ulikuwa umekatwa na mawe yaleyale; dereva alibaki na mkia wa waya na kamera tu.

Mhandisi Kokushubira, mkuu wa usalama wa mgodi, alisimama karibu na mdomo wa bomba akiwa na daftari mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, ambaye hata asubuhi ile sauti yake haikupanda.

"Wamegonga tena bombani kipimo chao cha hewa," alisema. "Hewa ikiendelea kuharibika hivi, kufika saa kumi na mbili jioni hawatakuwa na fahamu. Mtambo wa kuchimba kutoka juu utawafikia kesho mchana."

"Wote watano?" aliuliza Atuganile.

"Daktari anasema wakilala chini, wasijitingishe, huenda wawili wakavuka. Labda watatu."

Hapo ndipo mzee Anyosisye alipotokea nyuma ya watu, amekumbatia mfuko wa unga uliofungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa amestaafu miaka mitatu iliyopita baada ya kuendesha nguchiro maisha yake yote ya kazi. Alipita katikati ya wahandisi bila kumwomba mtu njia, akaingia karakana, akaufungua mfuko juu ya meza ya Atuganile.

Ndani alikuwamo nguchiro wa zamani, bati lake limebonyea, rangi imebanduka.

"Waliniambia nilete wa zamani wote kumi na wanane wakapondwe," alisema mzee. "Nilileta kumi na saba. Huyu nimepita naye Mtaro Namba Tatu miaka tisa, tukizoa tope. Njia anaijua. Hahitaji redio, wala macho."

Atuganile alimtazama nguchiro, kisha akamtazama mzee. Aligeuza magurudumu ya mbele kwa kidole. Kutoka ndani ya sevo ya usukani ulisikika mlio mdogo, mkavu, kama wa mtu anayetafuna mchanga.

"Imekatika meno," alisema.

"Ndiyo maana nimekuja kwako," alijibu Anyosisye.

*

Sevo ni mota ndogo yenye giya na ubongo. Ukiiambia igeuke nyuzi kumi, inageuka nyuzi kumi, inasimama hapo, na ikisukumwa inakaza. Sevo za zamani, zile zilizoitwa za kukariri, zilifanya zaidi ya hapo. Kila mara dereva alipogeuza usukani, sevo iliandika kwenye chipu yake ilikuwa imesukumwa na nini: tope zito hapa, kiungo cha bomba pale, maji yanayovuta kulia. Baada ya safari elfu moja hivi, gari liliweza kupita njia ileile lenyewe, kwa kupapasa, kama mtu anavyokwenda msalani kwake gizani bila kugonga kiti.

Kulikuwa na jambo moja ambalo viwanda havikulipenda. Giya zililika kidogo kidogo, na kumbukumbu ilijifunza pamoja na ulaji huo. Ukiichukua chipu ya sevo chakavu ukaitia ndani ya sevo mpya, gari lilikata kona mapema mno na kujigonga, kwa sababu lilikuwa limezoea ulegevu ambao haupo tena. Hukuweza kubadilisha nusu. Ama utengeneze sevo ileile ibaki na ulegevu wake, au utupe yote na kuanza upya.

Mgodi wa Ilindi ulikuwa umeanza upya. Kanuni ya Kumi na Saba ilisema sevo iliyochakaa haitengenezwi, inabadilishwa. Sevo mpya hazikukariri kitu. Zilitii redio tu, na siku zao zikiisha zilizima zenyewe. Kanuni hiyo, kila mtu alijua, iliandikwa na Atuganile, baada ya Ipyana kufa.

Alikaa kwenye kiti chake cha kazi, akavaa miwani ya kukuzia, akafungua skrubu nne. Grisi ya ndani ilikuwa imegeuka kuwa lami. Aliisafisha kwa brashi, na giya ya tatu ikajitokeza: gurudumu la shaba dogo kuliko kitufe cha shati, meno mawili yamekatika kabisa, pengo kama la mtoto wa miaka saba.

"Giya nyingine ya namna hii?" aliuliza Mhandisi Kokushubira, aliyekuwa amemfuata ndani.

"Zilipondwa zote. Na hata ingekuwapo, ingekuwa haijalika. Asingejua pa kukata kona." Atuganile hakuinua kichwa. "Naweza kupandikiza. Natoboa matundu mawili pale yalipokuwa meno, nagongelea pini za shaba, nazisaga kwa tupa mpaka zilingane na meno ya jirani. Yasiwe marefu kama meno mapya. Yawe mafupi, yaliyolika, kama mengine."

"Muda gani?"

"Saa moja na nusu."

Mhandisi alifunga daftari lake. "Fundi, tuelewane. Nguchiro mpya alipokosea njia tulimvuta, kwa sababu hakufika mbali. Huyu akikwama baada ya kona ya pili, tukimvuta mpira utakatika kabla hajasogea. Atabaki mle ndani kama kizibo."

"Najua."

"Hewa ile kidogo inayoingia itakuwa imezibwa. Hao wawili au watatu ambao wangevuka, nao watakufa. Na tutakuwa tumewaua kwa sevo iliyotengenezwa, kinyume cha kanuni uliyoiandika kwa mkono wako."

Atuganile alichukua tupa ndogo kuliko zote kwenye kopo, akaipuliza.

"Basi waulizwe wao," alisema. "Hewa ni yao."

*

Kila mchimbaji wa Ilindi alifundishwa lugha ya nyundo juma lake la kwanza kazini, na bomba la chuma lilibeba sauti vizuri hata pale redio iliposhindwa. Anyosisye aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, sikio lake likigusa bomba, nyundo mkononi. Alikuwa na umri wa kusahau majina ya wajukuu, lakini herufi za nyundo hakuzisahau. Aligonga polepole: gari la zamani, sevo imetengenezwa, likifika mna hewa, likikwama hewa inafungwa, kila mmoja aseme.

Ilimchukua dakika kumi kuumaliza ujumbe huo. Atuganile alikuwa ameleta meza ya kazi mpaka mlangoni ili asikie. Pini ya kwanza ilikuwa imekwisha kuingia. Alikuwa akisaga ya pili, tupa ikilia taratibu, shaba ikidondoka kama unga wa manjano kwenye karatasi.

Jibu lilianza. Mzee alifumba macho, akitamka herufi moja moja.

"Wanne ndiyo," alisema mwishowe. "Mmoja hapana."

Watu waliokuwa wamesimama nje walianza kunong'ona. Dereva wa rimoti alisema wanne kwa mmoja ni wengi, hata katika vikao wengi hushinda. Mhandisi Kokushubira alitikisa kichwa.

"Hiki si kikao," alisema. "Siwezi kumfungia mtu hewa yake kwa kura za wenzake."

"Na hao wanne utawanyima kwa neno la mmoja?" aliuliza Anyosisye.

Mhandisi aliligeukia bomba. Alikuwa ameshika daftari kwa nguvu hadi kucha zimekuwa nyeupe, na Atuganile akaona kwa mara ya kwanza kwamba naye alikuwa anaogopa.

"Muulize huyo mmoja anataka nini," alisema Atuganile.

Nyundo iligonga. Kisha jibu, zito, la mkono usiokuwa wa yule aliyegonga mwanzo.

"Anataka kujua nani ametengeneza," alisema mzee, na uso wake ukabadilika. "Fundi. Ni Lusekelo."

Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Lusekelo alikuwa mdogo wake Ipyana, tumbo moja. Miaka minne iliyopita toroli kubwa la mawe, lililoendeshwa kwa redio, lilishindwa kukata kona katika njia ya chini, likaenda moja kwa moja, likambana Ipyana ukutani. Sevo ya usukani ilikuwa imetengenezwa siku iliyotangulia. Aliyeitengeneza alikuwa Atuganile.

Anyosisye aliinua nyundo, akapunguza sauti. "Ninaweza kugonga jina langu. Nami niliwahi kushika bisibisi. Hatajua mpaka atoke."

Atuganile aliitazama ile giya iliyokuwa kwenye kidole chake. Alitamani kukubali. Lingekuwa jambo rahisi mno, na lingeokoa muda, na labda watu.

"Gonga langu," alisema.

Mzee akagonga. Walisubiri. Safari hii jibu lilirudi haraka, na hakulitafsiri mpaka alipoulizwa.

"Anasema hapana." Kisha bomba likalia tena, naye akainamisha kichwa asikilize. "Anauliza... ile ilikwama kwa nini."

Katika miaka minne hakuna aliyekuwa amemuuliza Atuganile swali hilo kwa maneno hayo. Tume iliyochunguza ajali ilikuwa imeuliza ni nani aliyetengeneza, kwa idhini ya nani, na kwa vipuri gani. Yeye ndiye aliyewaambia kwamba sevo chakavu haiaminiki hata ikitengenezwa. Wakamwamini, wakamshukuru, wakampa kazi ya kuandika kanuni. Akaandika. Tangu siku ile kila sevo iliyochakaa Ilindi ilipondwa, na kila iliposagwa alijisikia amelindwa kidogo zaidi.

Aliweka tupa mezani.

"Gonga hivi," alisema. "Sikupima."

Mzee alibaki ameinua nyundo hewani.

"Kila sevo inayotengenezwa hupimwa ikiwa na mzigo dakika arobaini," aliendelea Atuganile, na sasa alikuwa akimwambia Mhandisi Kokushubira, ingawa macho yake yalikuwa kwenye bomba. "Siku ile zamu ilikuwa inangoja toroli. Niliipima dakika tano, nikasaini arobaini. Ingepimwa ingeonekana. Haikuwa kosa la kutengeneza. Lilikuwa kosa langu, na nikaandika kanuni ya kulifunika."

Mhandisi aliandika mstari mmoja daftarini mwake.

"Gonga, mzee," alisema Atuganile.

Anyosisye aligonga. Herufi nane, kila moja na nafasi yake. Zilipokwisha, bomba likatulia, na utulivu huo ulikuwa mrefu kiasi kwamba dereva wa rimoti alijikuta ameketi chini. Dakika moja ilipita, ikapita ya pili. Atuganile alihisi mapigo ya moyo wake masikioni akidhani ni nyundo.

Kisha ikaja kweli. Mzee alitamka kila herufi kwa sauti.

"Hii ipimwe. Dakika zote." Akamgeukia Atuganile. "Watano ndiyo."

*

Walimfunga nguchiro kwenye fremu ya majaribio, magurudumu yakisukuma roli zito la chuma linalozunguka, mpira wa hewa umening'inizwa nyuma na mzigo wa kilo sita. Sevo ilianza kugeuka: kushoto, katikati, kulia, katikati. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika kumi na mbili.

Atuganile alisimama na kidole chake kikigusa bati la sevo. Mashine zilikuwapo za kupima joto na mtetemo, naye aliziwasha, lakini kidole kilimwambia mengi zaidi. Meno ya kupandikiza yalipopita kwenye mengine yalitoa mguso mdogo, na alihesabu kila mguso kama mtu anavyohesabu pumzi za mgonjwa.

Dakika ya kumi na nne chini waligonga kwamba Hebroni Simbeye, msimamizi wao, amelala na haamki vizuri.

Dakika ya ishirini na tano waligonga kipimo kipya. Mhandisi Kokushubira alikisoma mara mbili, akaja akasimama ubavuni mwa Atuganile.

"Hewa inashuka kuliko tulivyodhani," alisema. "Hawatafika saa kumi na mbili. Fundi, inazunguka vizuri. Kila mtu anaona. Mwachie aende."

"Bado kumi na tano."

"Kumi na tano zinaweza kuwa ndizo za Simbeye."

"Najua, Mhandisi."

"Ninaweza kukuamuru."

"Unaweza," alisema Atuganile. "Lakini walikubali kwa sharti. Tukilivunja, hatukuwauliza."

Mhandisi alirudi nyuma hatua moja. Hakutoa amri.

Dakika ya thelathini na moja kidole cha Atuganile kikasikia kitu. Halikuwa jambo la kuonekana. Mashine ya mtetemo haikushtuka. Ulikuwa mguso uliochelewa kidogo, kama mtu anayekanyaga ngazi akakuta imeshuka unywele mmoja. Alisubiri mzunguko mwingine. Ukachelewa tena. Alinyoosha mkono, akazima.

"Nini?" aliuliza Anyosisye.

Alifungua skrubu nne kwa haraka hivi kwamba moja ilianguka na wakaitafuta sakafuni kwa kupapasa. Chini ya miwani aliliona: pini ya pili ilikuwa imeanza kupanda. Ilikuwa imetoka kwenye tundu lake kwa unene wa karatasi. Dakika kumi nyingine za mzigo, na ingechomoka yote. Alipima kichwani. Dakika kumi baada ya kuingia bombani nguchiro angekuwa amepita kona ya pili.

Alimpa Mhandisi ile miwani. Kokushubira aliinama, akatazama kwa muda, kisha akavua miwani na kuiweka mezani kwa uangalifu kama kitu cha moto.

"Unahitaji nini?" aliuliza.

"Mtu wa kunishikia taa. Nitaichomoa, nitoboe mpaka upande wa pili, niigonge kichwa huku na huku isiweze kupanda. Halafu dakika arobaini tena, toka mwanzo."

Mhandisi alichukua taa mwenyewe. Aliishika bila kutingisha mkono mpaka kazi ikaisha.

Awamu ya pili ya majaribio ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu haikuwa na tukio lolote. Sevo iligeuka, roli likavuma, mishale ya saa ikatambaa. Chini waligonga kwamba wawili wamelala. Baadaye wakagonga herufi zisizounda neno. Anyosisye aliendelea kuwajibu, akigonga kitu kilekile mara kwa mara: tuko hapa, tuko hapa. Jasho na machozi vilichanganyika usoni pake na hakuvifuta. Dereva wa rimoti alitoka nje akarudi, akatoka tena. Mara mbili Atuganile aliuona mkono wake ukielekea kwenye swichi, na mara mbili akaurudisha kwenye bati.

Dakika ya arobaini ilipotimia, saa ilisema tisa na dakika tano. Hakuna jino lililosogea. Alisaini fomu ya majaribio, akaandika muda wote, wa mara ya kwanza na wa mara ya pili, na alichokiona kati ya mara hizo.

*

Anyosisye ndiye aliyemweka nguchiro mdomoni mwa bomba. Alimfunga mpira wa hewa mkiani kwa mafundo matatu, akabonyeza kitufe cha njia ya tatu, akaondoa mkono. Nguchiro alisita, kama anayenusa, kisha akaingia gizani. Hapakuwa na kamera. Hapakuwa na redio. Kilichobaki kwao kilikuwa roli la kuviringishia mpira lililokuwa likizunguka taratibu, na kihesabu kilichoonyesha mita.

Hamsini. Mia moja. Kwenye mia moja na ishirini, pale yule mpya alipopotea mara tatu, roli halikusita hata kidogo. Lilipita. Mia na themanini, kona ya kwanza. Mia mbili na kumi, kona ya pili. Sasa hakukuwa na kurudi. Mia mbili na arobaini. Mia mbili na sitini.

Roli likasimama.

Dereva alinyanyua mikono kichwani. Mhandisi Kokushubira alitazama saa yake, midomo ikihesabu. Mpira ulitetemeka, ukalegea, na roli likarudi nyuma nusu mita.

"Anarudi," alisema mtu.

"Mwacheni," alisema Anyosisye. Alikuwa amepiga magoti, na mikono yake miwili ilikuwa mbele ya kifua kana kwamba imeshika rimoti isiyokuwapo. "Hapo kuna bolti imejitokeza kwa juu. Ukienda mbele unagonga. Nilikuwa nikirudi nyuma kidogo, nampeleka kulia mpaka apande ukuta, halafu naruka." Kidole gumba chake kiligeuka kulia. "Ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Ndivyo hasa."

Mpira ulikaza. Ukalegea. Atuganile aliyaona kichwani meno yake mawili yakibeba uzito wote wa gari likiwa limeinama ubavu. Alishika ukingo wa bomba, chuma kikiwa baridi, na hakuomba kitu kwa maneno.

Roli lilitikisika, likazunguka nusu, likazunguka yote. Mia mbili sitini na moja. Mia mbili na sabini.

Hakuna aliyeshangilia. Waliogopa kwamba sauti ingemsumbua. Mia tatu. Mia tatu na hamsini. Kwenye mia tatu tisini na nane roli lilisimama tena, na safari hii lilikaa kimya, na Anyosisye akalaza sikio kwenye chuma.

Muda ulipita. Kisha hata wale waliosimama mbali walisikia: pigo moja, dhaifu, la jiwe juu ya bomba. Na jingine. Mzee hakuwa na haja ya kutafsiri, lakini alisema.

"Hewa."

Mhandisi Kokushubira alifungua pampu kwa mkono wake mwenyewe.

*

Mtambo wa kuchimba uliwafikia siku ya pili saa saba mchana. Walitolewa mmoja mmoja kwa kikapu cha chuma, na wote watano walikuwa hai. Simbeye alitoka amefungwa kwenye machela, hajui siku wala mwezi, lakini anapumua. Lusekelo alitoka wa mwisho. Alikataa machela, akatembea akishikwa bega, macho yamefungwa kitambaa yasiumizwe na jua.

Atuganile alikuwa amesimama pembeni ya njia ya gari la wagonjwa. Maelezo yake yalikuwa tayari mezani kwa Mhandisi Kokushubira, kurasa tatu, na yalianza kwa siku aliyosaini dakika arobaini. Asubuhi ile alikuwa amekabidhi funguo za karakana. Mhandisi alizipokea, akasema tume itaitwa upya, kanuni itasomwa upya, na sahihi yake haitatumika Ilindi mpaka wakati huo. Hakusema kwa ukali. Kisha akaongeza kwamba fomu ya jana ataipeleka kwenye tume yeye mwenyewe.

Lusekelo alipofika karibu naye alisimama. Hakuwa anaona, lakini mtu alikuwa amemnong'oneza.

"Fundi Atuganile."

"Ndiyo, Lusekelo."

Alivuta hewa kwa nguvu, kama mtu anayeonja kitu. "Ulipogonga kwamba hukupima, nilitaka kukataa. Nilikuwa na haki."

"Ulikuwa nayo."

"Nikafikiri, aliyesema hilo leo hawezi kuidanganya saa." Aligeuza uso upande wa barabara. "Mimi sina la zaidi. Lakini mama hajui. Mpaka leo anadhani chuma ndicho kilichomuua kaka. Mimi sitamwambia. Utakwenda mwenyewe."

Akaongozwa garini.

Atuganile hakurudi nyumbani. Alitembea kwa miguu mpaka kijijini Isoko, mwendo wa saa moja, nguo za kazi zikiwa bado na harufu ya grisi. Mama yake Ipyana alikuwa uani, anaanika maharage juu ya turubai. Habari za Lusekelo zilikuwa zimemfikia, kwani alipomwona Atuganile uso ulimng'aa, akafuta mikono kwenye kanga na kumjia.

"Mwanangu, wameniambia ni wewe," alisema. "Wameniambia umeniletea mtoto. Karibu. Karibu ukae."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nikupe uji? Umechoka, naona."

"Usinipe kitu bado, mama," alisema Atuganile. Mkono wa yule mama ulikuwa umeushika wake, mkavu, wenye nguvu, na hakuuondoa. "Nimekuja kwa ajili ya Ipyana. Kaa kwanza. Nitakueleza toka mwanzo, na ukishasikia yote ndipo uamue kama nikaribie."

Mama aliuachia mkono wake. Kisha akasogeza turubai kando, akavuta vigoda viwili, akaketi, akangoja.

Atuganile akaketi.

"Siku ile," alisema, "zamu ilikuwa inangoja toroli."